Mwenye Klabu Ni Mchezaji Mbovu

Katika mashindano ya gofu ya wikendi, mkwaju wa kwanza hupigwa na mtu asiyejua gofu. Hiyo ni desturi ya Tanzania nzima na Moshi haijajitenga nayo. Mgeni rasmi, awe kiongozi wa serikali au meneja wa kampuni iliyodhamini fulana, anakabidhiwa fimbo, anaonyeshwa pa kuweka miguu, wapiga picha wanachuchumaa mbele yake mahali ambapo siku nyingine mtu mwenye watoto wa kulea asingechuchumaa, kisha anapiga hewa. Anacheka, anarudia. Safari ya pili anaupata mpira utosini, unabingirika mita tatu na kulala. Makofi! Mshereheshaji anatangaza kwamba mashindano yamefunguliwa rasmi. Dakika kumi baadaye mwanachama ambaye ada yake haijawahi kuchelewa anasimama palepale, anapiga mkwaju uleule wa mita tatu zilezile, na watu wote wananyamaza. Rafiki zake wanakagua kamba za viatu vyao. Nadhani makofi yale yamepelekwa kwa mtu asiyestahili. Mgeni rasmi ataondoka baada ya chakula na pengine hatashika fimbo tena mpaka aalikwe tena. Yule mwanachama atarudi Jumamosi ijayo, na Jumamosi inayofuata, atapiga vibaya kila mara, na kwa sababu ya kurudi kwake klabu itaendelea kuwapo. Ninachokitetea hapa ni kwamba mwenye klabu ni mchezaji mbovu. Mashindano ya ridhaa yaliwekwa kwa ajili yake, sheria zimeandikwa kwa ajili yake, na bingwa ni mgeni tu anayepita kuchukua kikombe.

Tuanze na uwanja wenyewe. Moshi Club, pale Shanty Town, ina mashimo 9, kwa hiyo anayetaka raundi kamili ya mashimo 18 anauzunguka uwanja mara mbili. Bingwa huona huo ni upungufu mdogo. Kwa mchezaji mbovu ni adhabu yenye marudio: kichaka kilichomdhalilisha asubuhi anakutana nacho tena kabla ya chakula cha mchana, na kedi wake, kijana anayembebea mfuko wa fimbo, mwenye adabu na kumbukumbu nzuri mno, anamwambia taratibu, “Mzee, leo asubuhi ulipita upande ule.” Mji wa Moshi umekaa kati ya mita 700 na 950 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam, na mpira uliopigwa kwa nguvu ileile huenda mbali zaidi kwa asilimia chache. Watu husikia jambo hili wakafurahi, wakisahau kwamba fizikia haiulizi mpira umeelekezwa wapi. Anayepinda kulia atapinda kulia kwa umbali mkubwa zaidi, na mpira ambao Dar es Salaam ungeishia kwenye majani marefu, hapa unavuka hadi kwenye ua wa jirani.

Halafu kuna mlima. Penye mlima mkubwa, wachezaji hushikilia imani kwamba mpira ukiwa kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo, hukimbia kuukwepa mlima, hata pale jicho linapoona vingine. Kwa Moshi imani hiyo ina akili ndani yake, maana nchi nzima hapa imelala kuelekea kusini, maji yote yanateremka kwenda bonde la Pangani, na macho yaliyozoea mteremko mrefu namna hiyo hudanganyika kirahisi kwenye mteremko mfupi wa grini. Kwa hiyo Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imegeuka kisingizio chenye heshima kuliko vyote: mtu anakosa shimo kwa umbali wa unyayo, anainua macho kaskazini, anatikisa kichwa, na kila mmoja anaelewa kwamba kosa ni la mita 5,895 za mawe na barafu. Tatizo ni kwamba mlima wenyewe hupenda kujifunika mawingu kabla ya saa sita. Anayekosa alasiri hana hata pa kuelekeza lawama, ndiyo maana alasiri ndiyo saa ya kumlaumu kedi.

Sasa tuiangalie hesabu, kwa sababu hoja yangu kwanza ni ya fedha. Bingwa anafika na mipira michache na anaondoka nayo. Anapiga mikwaju sabini na kitu, ananawa, anakunywa soda moja kwa sababu kesho ana mashindano Arusha, anakwenda. Ukimtegemea huyo, mhasibu wa klabu atafunga ofisi kabla ya masika. Mchezaji mbovu anaacha mpira kwenye kila kichaka. Vijana wanaookota mipira hiyo wanaisafisha na kuiuza, mara nyingi wakimuuzia yeye mwenyewe, naye anaununua bila kuutambua. Anahitaji kedi mwenye macho makali, na macho makali yana bei yake. Anahitaji mafunzo, akishapata mafunzo anakuwa mbovu zaidi kwa muda, kwa hiyo anahitaji mafunzo mengine. Anabadilisha fimbo, maana sheria inaruhusu fimbo 14 kwenye mfuko na kosa lazima liwe la mojawapo. Na jioni anakaa. Bingwa hana cha kueleza. Raundi nzuri husimuliwa kwa sentensi moja. Raundi mbaya inahitaji wasikilizaji, wasikilizaji wanahitaji vinywaji, vinywaji vinahitaji nyama choma na ndizi, na mpaka habari ya shimo la saba iishe, jiko la klabu limeshalipa umeme wake. Nitaongeza jambo ambalo mabingwa hawalipendi: ada ya kushiriki ni moja kwa wote. Aliyepiga mikwaju 120 kwa fedha ileile aliyolipa mwenye mikwaju 72 amenunua gofu nyingi zaidi kwa bei nafuu zaidi. Kama kuna anayepunjwa uwanjani pale, basi ni bingwa.

Hili si la gofu peke yake, na mkoa wa Kilimanjaro ndio wa mwisho kuweza kulikana. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa 1973, hutoza ada zake kwa siku ulizokaa mlimani, bila kujali umeishia wapi. Anayeishia kituo cha Gilman's akitapika na anayesimama kilele cha Uhuru akipunga bendera wamechangia hazina ileile, na hata huyo wa Gilman's hupewa cheti chake. Hakuna mwenye hoteli Marangu aliyewahi kusema anawataka wafika kileleni tu. Kilimanjaro Marathon nayo, inayokimbiwa Moshi tangu 2003, ina wanariadha hodari wachache wanaomaliza kabla jua halijawa kali, na nyuma yao umati wa watu waliojifunza kukimbia juzi, wenye simu mkononi, wanaosimama kupiga picha. Vyumba vya kulala vinajazwa na nani? Ni hao wa nyuma. Usiku wanajaza na mabaa, na asubuhi ya Jumatatu wanaonekana stendi ya mabasi wakishuka ngazi kinyumenyume kwa ajili ya magoti. Mji mzima unajua kula kwa watu wanaomaliza nyuma. Ajabu ni kwamba klabu ndizo zinazoona haya.

Ushahidi wangu wa pili ni kitabu cha sheria. Michezo hii ya klabu, gofu na tenisi, ilitoka kwa watu wakubwa waliocheza vibaya. Kabla ya tenisi tunayoiona kwenye viwanja vya Moshi na Arusha kulikuwa na tenisi ya kale, ya ndani ya kuta nne, iliyochezwa na wafalme wa Ufaransa, Uingereza na Scotland. Hadi leo inachezwa katika nchi chache tu, Uingereza, Ufaransa, Marekani na Australia, wala Afrika haina uwanja wake hata mmoja. Historia ya mchezo huo imejaa mikosi kuliko ushindi. Louis wa kumi wa Ufaransa alicheza mwaka 1316 mpaka akapata joto, akanywa mvinyo wa baridi, akafa. Charles wa nane, mwaka 1498, alikuwa anakwenda kutazama tu. Akagonga kichwa kwenye boriti ya mlango, akafa. James wa kwanza wa Scotland aliudhika kwamba mipira yake ya tenisi inapotelea kwenye mfereji wa maji machafu, akaagiza uzibwe. Siku chache baadaye, Februari 1437, wauaji wakamvamia, akakimbilia kwenye mfereji uleule na kuukuta umezibwa. Mipira aliiokoa, roho hakuiokoa. Na miaka 20 baadaye ni mwanawe, James wa pili, aliyepiga marufuku gofu Scotland, mwaka 1457, kwa sababu watu walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde. Ukoo ule ulikuwa na sababu ya kuiogopa mipira. Wazee wa Moshi wanaolalamika juu ya mipira kuingia kwenye mitaro na wajue kwamba mtaro ulio wazi haujamuua mtu.

Watu wa tenisi ya kale ndio waliobuni huruma nzuri kuliko zote nilizowahi kusoma: mchezaji dhaifu alipewa haki ya kudai pointi moja ya bure, wakati wowote atakaoona unamfaa. Angeweza kuitunza mpaka mwisho, adui ameshaanza kupanga tabasamu, ndipo aseme: naichukua sasa. Hebu fikiria haki hiyo ingetolewa katika kikao cha ukoo cha Desemba, pale mjomba aliyefika kutoka Dar es Salaam na gari jipya anapouliza kila mmoja amechangia nini. Gofu ilirithi huruma hiyo na kuiita handikapu. Tangu 2020 dunia nzima imekuwa na mfumo mmoja: zinachukuliwa raundi zako 20 za karibuni, zinachaguliwa 8 zilizo bora, na kiwango chako kinatokana na hizo. Raundi 12 zilizobaki hazihesabiwi. Sijui benki inayokopesha kwa kutazama miezi minane mizuri kati ya ishirini, wala mkwe anayepima mkamwana wake hivyo. Na handikapu inaweza kufika 54, yaani mikwaju mitatu ya nyongeza kwa kila shimo. Huo si mfumo uliobuniwa na mabingwa kwa ajili ya mabingwa.

Daktari Frank Stableford wa Uingereza alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1932, katika klabu ya Wallasey, walianza kuhesabu kwa pointi badala ya mikwaju: ukifanya vizuri kwenye shimo unapata pointi, ukiharibu kabisa unapata sifuri, na sifuri haina watoto. Ukipiga mikwaju 9 au 19 pale kwenye shimo la nne, ni sifuri ileile; unaokota mpira, unavuta pumzi, unakwenda la tano ukiwa mtu mpya. Mashindano mengi ya wikendi katika klabu zetu huchezwa kwa mtindo huu, na wanaoucheza hawajui kwamba wanamshukuru daktari aliyewatibu aibu. Karibu kila kanuni yenye ladha ina mchezaji mbovu nyuma yake. Kisumu, katika Klabu ya Nyanza, kulikuwa na kanuni kwamba mpira ukitua karibu na kiboko au mamba kiasi cha kuhatarisha maisha, mchezaji aweke mwingine mahali salama bila adhabu. Jinja nako, uliotua kwenye unyayo wa kiboko uliruhusiwa kuinuliwa. Richmond, karibu na London, mwaka 1940, mabomu ya Wajerumani yakianguka, klabu iliruhusu mkwaju urudiwe iwapo bomu limelipuka mtu akiwa anapiga, ila ukatozwa mkwaju mmoja wa adhabu, nadhani ili watu wasizoee. Sasa sema mwenyewe: kanuni ya mamba inaandikwa na watu wanaopiga mpira katikati ya nyasi? Zamani viwanja vingi vya Afrika Mashariki havikuwa hata na nyasi za kuchezea mwishoni. Grini zilikuwa za mchanga uliochanganywa na oili chafu, ukimaliza unaburuta gunia kufuta nyayo zako. Mchezo ulioweza kuishi juu ya oili chafu hauwezi leo kudai kwamba unaharibiwa na mtu mwenye handikapu kubwa.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ya kwanza ni mwendo. Wanasema mchezaji mbovu anachelewesha wote: anatafuta mpira, anakosa, anatafuta tena, na nyuma yake vikundi vimepangana mpaka shimo la kwanza. Nakubali kwamba linatokea, ila sikubali kwamba ndilo linalochelewesha zaidi. Tangu 2019 mpira unatafutwa kwa dakika 3, si 5 tena, na kwa hesabu ya Stableford mwenye sifuri anaokota na kuondoka. Mchezaji mbovu wa kweli huondoka haraka. Amezoea misiba midogo. Anayechelewesha ni yule wa Divisheni A, kundi la wenye handikapu ndogo, aliyetazama mabingwa wa televisheni, anayezunguka grini kama mpima ardhi wa wilaya, anachuchumaa, anafumba jicho, anarudi upande wa pili, anamuuliza kedi, hamsikilizi, kisha anakosa. Mpime kwa saa siku moja bila kumwambia. Utaona dakika nyingi za Jumamosi zimezikwa kwenye grini na hazimo vichakani.

Hoja ya pili ni nzito kuliko hiyo: kwamba kuwabembeleza wabovu kunaua vipaji, na nchi inahitaji mabingwa. Hapa ni lazima niseme taratibu, maana Kilimanjaro ina haki ya kujivunia gofu. Kule TPC, kwenye mashamba ya miwa kusini mwa mji, yaliyoanzishwa na Wadenmark wa A.P. Møller miaka ya 1930, kuna uwanja ambapo wachezaji wa kulipwa hushindana kwa heshima. Mashindano ya Lina PG Tour, yanayomkumbuka marehemu Lina Nkya, yameshachezwa huko. Lakini hao hodari walitoka wapi? Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza wakiwa makedi. Walibeba mifuko. Mifuko ya nani? Bingwa akiwa mmoja na mfuko wake mmoja, angeajiri kijana mmoja. Wabovu ndio waliotoa ajira kwa darasa zima, na tena wakalifundisha, kwa sababu kijana anayesimama nyuma ya mtu anayekosea kwa namna ishirini tofauti anapata elimu ambayo anayemtazama bingwa haipati. Huyo anajua bega likishuka mpira unakwenda wapi. Anajua hasira ya shimo la pili inalipwa shimo la tatu. Jumatatu, klabu ikiwa tupu, anachukua fimbo ya kuazima na kujaribu asifanye hata kosa moja kati ya yale aliyoyaona. Ada za chuo hicho hulipwa na mtu anayepiga mikwaju 115.

Na wale wanaohofia jina la mchezo kuchafuka wakumbuke Maurice Flitcroft, mwendesha winchi wa Uingereza, aliyejiandikisha mwaka 1976 katika mchujo wa mashindano makubwa ya wazi ya nchi yake na kupiga mikwaju 121, yaani 49 juu ya kiwango. Wakubwa wa gofu walikasirika, wakamzuia. Akarudi kwa majina ya kubuni. Mchezo haukufa. Klabu moja ya Michigan, Marekani, ikaanzisha mashindano yenye jina lake. Aliyeongoza mchujo ule simjui, na nina shaka kama msomaji anamjua.

Wanaofuata ni wale wanaosema handikapu inaleta wizi. Wapo kweli watu wanaoficha uwezo, wanaotunza raundi mbaya mwaka mzima ili wamalizie kwa ushindi wa Divisheni C, na siku ya zawadi jina lao likitajwa ukumbi unapata kikohozi cha pamoja. Makedi wanawajua wote. Hawasemi kwa sababu bakshishi nayo ina sauti. Ila tazama gharama ya wizi huo. Ili aonekane mbovu kwa miezi kumi na moja, mwizi lazima apoteze mipira, alipe raundi zote, akae jioni akilalamika kwa kina. Amelazimika kuwa mwanachama mwema. Atapata nini? Birika la umeme. Mimi ningemwachia. Wenye hasara kwa klabu ni wale wa upande wa pili, wenye handikapu ya majivuno, wanaokataa kupeleka kadi mbaya ili wabaki na namba ndogo ya kutajia wageni. Hao hupoteza kila mashindano kwa hiari na kuwalaumu waandaaji. Laiti handikapu ingetumika kwenye kadi za michango ya harusi! Kila mtu angechangia kwa uwezo wake uliothibitishwa na raundi zake nane bora, na wale wenye majivuno wangeandika wenyewe laki tano.

Imebaki hoja ambayo haina ucheshi mwingi. Ardhi. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikaja na walowezi wa kahawa, na klabu za namna hii enzi za ukoloni zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni au akiwa na mfuko begani. Leo mji umejaa, viwanja vinatafutwa kwa tochi, na kiangazi cha Januari watu wa chini wanaona nyasi zikimwagiliwa wakati ndoo zao zimepanga foleni. Anayeuliza kwa nini eneo kubwa namna hiyo liwekewe mpira wenye kipenyo kisichofika sentimita tano ana haki ya kujibiwa bila dharau. Siwezi kumwambia kwamba gofu ni mchezo wa wanyonge. Mfuko mmoja wa fimbo, hata wa mtumba, si bei ya mnyonge. Ninachoweza kumwambia ni kwamba klabu itakayojifungia na mabingwa wake wachache haitakuwa na cha kujitetea siku mji utakapoliuliza swali hilo kwa sauti. Itakayofungua lango kwa walimu wa shule, wauguzi wa hospitali ya KCMC, wafanyabiashara wa Kiborloni, akina mama wanaotaka kutembea kilomita kadhaa bila kupigiwa honi, na watoto wao wote wasio na kipaji, angalau itakuwa na watu wengi wa kusimama upande wake. Na umati ukifunguliwa lango, hesabu ni rahisi: wengi watakuwa wabovu. Hakuna njia ya kuwa na klabu ya watu wengi iliyo klabu ya watu hodari. Kuhusu walowezi wenyewe, kanuni za viboko na mamba zimeshatoa ushahidi. Walirithisha viwanja, vikombe na picha za ukutani, ila siri ya kupiga mpira ukanyooka hawakutuachia.

Moshi isingepaswa kuhitaji maelezo marefu hivi, kwa sababu imeshakubali jambo hili juu ya vilele vyake. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa mtu wa kuacha moto wake uzimike, akawa anakwenda kwa Kibo kuomba makaa. Akapewa, na chakula juu. Akarudi tena, na tena, mpaka Kibo akachoka, akachukua mchi na kumtwanga. Ndiyo sababu Mawenzi ana mapengo na meno mpaka leo. Alishindwa vibaya, mbele ya nchi nzima, wala alama za kipigo hazikufichwa. Hata hivyo, kwa mita zake 5,149 ni kati ya vilele virefu kabisa Afrika, na kukipanda ni kugumu kuliko Kibo: Kibo ilipandwa 1889, Mawenzi ikasubiri hadi 1912. Na mji ulipotafuta jina la hospitali ya mkoa, ukachukua la aliyepigwa. Shule ya sekondari ikafuata. Wahenga walishasema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa kipimo hicho wanaojaza Divisheni C ndio washindani wakubwa tulionao. Wamekubali mara nyingi kuliko wote.

Kwa hiyo naiomba kamati yoyote ya mashindano ya wikendi, Shanty Town, TPC na kwingineko, iongeze kikombe kimoja kwenye meza ya zawadi: Kombe la Mawenzi, la aliyemaliza wa mwisho kwa kadi halali, iliyosainiwa, bila shimo lililorukwa. Kisiwe cha dhihaka, kiwe na ukubwa wa kile cha bingwa, na kiandikwe jina. Kitolewe cha kwanza, kabla ya hotuba ya mdhamini na kabla ya birika la umeme, maana mwenyewe ana safari ndefu ya kurudi Rombo na kesho ana kazi. Bingwa atasubiri, alimaliza mapema, ameshaoga, na gari lake ndilo lililoegeshwa karibu na lango.